Kutoka Mulango hadi Cambridge: Masomo ya Juu ya Ng'ambo na Lugha ya Kikamba

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara huipita Salama, mji mdogo wa Makueni, kabla hajafika Sultan Hamud. Wenyeji wa sehemu hizi ni Wakamba, lakini majina ya miji hiyo miwili si ya Kikamba: la kwanza ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, na la pili ni ukumbusho wa Sultani wa Unguja aliyetawala tangu 1896 hadi 1902. Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo la namna hiyo katika uwanja wa elimu, yaani yaliyoyapata maneno ya Kikamba pale mwana wa Ukambani alipokwenda ng'ambo kutafuta shahada ya udaktari.

Yafaa tukumbuke kwamba safari za kitaaluma kati ya Ukambani na Ulaya zilianzia upande wa pili. Krapf aliingia Ukambani mwaka 1849. Baada yake alikuja Msweden Gerhard Lindblom, ambaye utafiti wake kuhusu Wakamba ulimpatia shahada ya udaktari huko Uppsala mwaka 1916. Wazee wa Ukambani walimfundisha Lindblom kila alichokiandika, lakini hawakuwa miongoni mwa watahini wake.

John Mbiti alizaliwa mwaka 1931 Mulango, karibu na mji wa Kitui. Alisoma Alliance, kisha Makerere, chuo ambacho shahada zake wakati ule zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Alipomaliza mwaka 1953, mwanafunzi aliyetaka udaktari wa theolojia hakuwa na pa kuupatia Afrika Mashariki. Kwake kuchagua chuo kulikuwa ni kuchagua bara. Mbiti alikwenda kwanza Barrington College, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, akapata shahada mbili mwaka 1956 na 1957. Kisha akaenda Cambridge, akafanya kazi chini ya C. F. D. Moule, akatunukiwa udaktari mwaka 1963.

Lililo muhimu kwetu ni mada aliyoichagua. Angaliweza kuandika juu ya Agano Jipya peke yake, kama walivyofanya wengi. Badala yake aliyaweka mafundisho ya Agano Jipya kuhusu siku za mwisho mbele ya fikra za Wakamba juu ya wakati, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa sarufi. Alizipanga nyakati za kitenzi cha Kikamba, akadai kwamba zile zinazohusu wakati ujao hazivuki miezi sita, au kwa upeo miaka miwili. Wakati wa Wakamba aliugawa sehemu mbili, akiziita kwa maneno ya Kikamba: *mituki* na *tene*. Hivyo lugha ya Mulango iliingia Cambridge ikiwa hoja. Hata hivyo, uwanja wa msimamizi wake ulikuwa Kigiriki cha Agano Jipya, si lugha za Kibantu.

Mwaka 1969 Mbiti, akiwa mwalimu Makerere, alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Hapo *mituki* na *tene* zikaondoka, zikaingia *sasa* na *zamani*. Alieleza kwamba aliepuka maneno ya Kiingereza kwa sababu ya fikra zinazoandamana nayo. Sababu hiyo ni njema, na Mswahili hawezi kuona vibaya lugha yake ikipewa heshima hiyo. Lakini mwanaisimu hana budi kusita. *Zamani* ni neno la Kiarabu kwa asili, na *sasa* nalo huhusishwa na Kiarabu. Hilo si kubwa, kwani neno lililokwisha kukaa ni la wenye nyumba. Lililo kubwa ni kwamba Kikamba hupanga nyakati za vitenzi kwa umbali: tendo la leo lina umbo lake, la jana lake, la kale lake. Kiswahili sanifu hakifanyi hivyo. *Nilikwenda* yaweza kuwa asubuhi hii au miaka arobaini iliyopita. *Watakufa* hakuna mpaka wa miezi wala karne. Kwa hiyo maneno yaliyopelekwa kwa wasomaji wa dunia nzima yalitoka katika lugha ambayo sarufi yake haiithibitishi hoja. Kwa maoni yangu, mjadala mrefu uliofuata ulipungukiwa kwa sababu hiyo. Kwame Gyekye, mwaka 1987, aliipinga nadharia hiyo kwa ushahidi wa Kiakan, na alikuwa na haki, maana kitabu kilisema juu ya Waafrika. Lakini vitenzi vya Kikamba vyenyewe vilibaki pembeni.

Okot p'Bitek alikuwa Oxford katika miaka ileile ya mwanzo wa 1960. Yeye aligombana waziwazi na walimu wake kwa ajili ya maneno yao ya kuwadunisha Waafrika, na kitabu chake cha 1970 hakikumsaza Mbiti pia. Wengine walichagua njia ya karibu zaidi: Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui, alipata shahada zake mbili za sheria Dar es Salaam, ndipo baadaye akaenda Toronto kwa udaktari.

Kijana wa Salama leo ana milango mingi kuliko Mbiti, na Kitui kwenyewe kuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013. Swali la kuuliza kabla ya kujaza fomu ya Uingereza, Marekani au Kitui halijabadilika: ni nani miongoni mwa watahini atakayeweza kusema kwamba mfano huu wa Kikamba si sahihi?

Mbiti mwenyewe aliishi Uswisi miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2019. Mwaka 2014 ilitoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kigiriki. Humo ahadi za siku za mwisho ilimbidi azitie katika vitenzi vilevile alivyovipanga Cambridge. Vitenzi hivyo vya wakati ujao, vikilinganishwa kifungu kwa kifungu na jedwali lake la zamani, vingetosha kuwa tasnifu nzima, na wasemaji wa kuwauliza wako Mulango na Salama.