Sauti Iliyotufikia Ipuli: Miaka 75 ya Redio ya Taifa

Mwezi Julai 1951 kituo kidogo cha majaribio kilianza kurusha matangazo ya Kiswahili. Kiliitwa Sauti ya Dar es Salaam, na jina hilo lilikitosha, maana mwanzoni mawimbi yake hayakwenda mbali na mji wenyewe. Kutoka kituo hicho ilizaliwa Redio Tanzania, na kutoka Redio Tanzania ikaja TBC Taifa ya leo, inayotimiza miaka 75 Julai 2026. Maadhimisho ya namna hii mara nyingi huandikwa na watu wa Dar es Salaam, waliowahi kuingia studio na kuwafahamu watangazaji kwa sura. Historia hii inaandikwa upande wa pili wa mawimbi, kata ya Ipuli katika Manispaa ya Tabora, zaidi ya kilomita 800 za reli kutoka pwani. Huku mtangazaji alikuwa sauti tupu, na sauti hiyo ilituzoesha kujadili mambo ya nchi kama mambo yetu. Muziki, salamu za wagonjwa na vituko vya Pwagu na Pwaguzi vinastahili historia yao. Mimi nashika maongezi ya siasa.

Tabora haikuanza kupata habari kwa redio. Huu ulikuwa mji wa misafara. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe ikagawanyika, tawi moja likielekea Ujiji, jingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe pwani na kurudi na nguo, na juu ya mizigo walibeba habari: nani amefariki, nani anapigana na nani, mtemi Mirambo amefunga njia gani. Zilikuwa habari za miguu. Msafiri Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akaingia Tabora mwezi Juni. Reli ya Wajerumani ilipofika mwaka 1912, miezi mitatu ikawa siku chache, na barua na magazeti yakaja na treni. Redio ikazifuta hata hizo siku. Mtu wa Ipuli na mtu wa Kariakoo wakawa wanasikia jambo lilelile dakika ileile, na asubuhi yake hakuna aliyeweza kujigamba kwa mwenzake kwamba yeye kalijua kwanza.

Ilichukua muda sauti hiyo kufika huku. Mwaka 1956 kituo kiligeuzwa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa mfano wa BBC ya Uingereza. Lakini mwenye mali alikuwa utawala wa kikoloni, na siasa za Waafrika zilijitafutia njia zake. Januari 1958 TANU ilikutana hapa Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ule uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere aliwageuza kwa hoja, uso kwa uso, ndani ya mkutano. Uamuzi huo wa kushiriki, uliokuja kuitwa Uamuzi wa Busara, ulisambazwa na wajumbe waliorudi makwao, na Sauti ya TANU, kijarida cha chama. Naukumbuka mkutano ule katika historia ya redio kwa sababu watu waliokuja kuushika mtambo baada ya Uhuru walikuwa wamefundwa na mikutano kama huo. Waliamini kwamba neno likisemwa vizuri linaweza kuhamisha watu kutoka msimamo mmoja hadi mwingine.

Imani hiyo ilijaribiwa Januari 1964. Tarehe 12 Serikali ya Zanzibar ilipinduliwa, na sauti ya John Okello, kiongozi wa mapinduzi hayo, ikasikika kwenye redio ya Unguja. Tarehe 20 askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles wakaasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Kesho yake kikosi cha pili kikaasi hapa kwetu, kambi ya Kalewa. Waziri Oscar Kambona alikwisha kuzungumza redioni kuwahakikishia wananchi kwamba Serikali ipo, lakini watu walikuwa wakiulizana Mwalimu yuko wapi, na waziri hakuweza kulijibu swali hilo kwa niaba yake. Jibu lilikuja tarehe 21, Mwalimu aliposikika mwenyewe. Hakuongea kwa urefu, na hapakuwa na haja. Watu walikuwa wakitaka kujua kama yu hai na yu huru. Kwa mji wenye askari walioasi mlangoni pake, sauti ile ilikuwa na uzito ambao ni vigumu kumweleza kijana wa leo mwenye simu mkononi.

Tarehe 1 Julai 1965 shirika lilivunjwa. Chombo kikawekwa moja kwa moja chini ya Wizara na kupewa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam. Sidhani Januari ile ilikuwa imesahaulika. Viongozi walikwisha kuona nguvu ya kipaza sauti, na hawakutaka kiwe mbali na mikono yao. Uamuzi huo uliipa redio fedha na upana ambao shirika dogo lisingeupata, na pia uliinyima kitu ambacho nitakitaja mbele.

Siku ya redio ilikuwa na mpangilio wake, na siku ya nyumbani iliufuata. Alfajiri, mama akichochea moto, matangazo yalifunguliwa. Kabla ya taarifa ya habari zilikuja zile ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, na zilipolia hata watoto walijua kunyamaza. Mchana palikuwa na habari tena, na vipindi vya wafanyakazi na wakulima. Majira kilichambua matukio. Mbiu ya Mikoa ilituletea ya Songea na Musoma, na siku Tabora ilipotajwa, kwa habari ya tumbaku au ya pamba, watu waliongeza sauti. Redio zenyewe hazikuwa nyingi. Zilizopatikana zaidi zilikuwa za National, kutoka kiwanda cha Matsushita kilichojengwa Dar es Salaam miaka ya 1960, na betri zake zikichoka zilianikwa juani ziweze kumalizia usiku. Mwenye redio hakuwa na usiku wa peke yake. Majirani walikuja na vigoda vyao, wakakaa chini ya mwembe, na habari za saa mbili usiku zikawa za ua mzima.

Baada ya habari yalikuja mazungumzo. Ndilo lilikuwa jina la kipindi, Mazungumzo Baada ya Habari, na kwa wasikilizaji wa umri fulani jina hilo halitenganishwi na mtangazaji Paul Sozigwa. Kilikuwa kifupi, kina msimamo, kimeandikwa kwa Kiswahili kikali kilichopangwa neno kwa neno. Kiliwasema makaburu wa Afrika Kusini, walowezi wa Rhodesia na Wareno wa Msumbiji, wakati ambapo Dar es Salaam ilikuwa makao ya vyama vya ukombozi, na vyama hivyo navyo vilipewa nafasi ya kutangaza kwao kupitia mitambo ya Redio Tanzania. Mkulima wa Unyamwezi ambaye hakuwahi kuvuka Mto Malagarasi alijua Samora Machel ni nani na anapigania nini. Naihesabu hiyo kuwa kazi kubwa kuliko zote zilizofanywa na redio ile.

Vita vya Kagera vilikipa kipindi hicho ukali wa mwisho. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na nchi nzima ikamsikia akisema kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin wa Uganda tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Kuanzia hapo mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, redio ilikuwa njia ya familia kujua vijana wao wamefika wapi. Neno nduli, alilobandikwa Amin, lilitoka studio likaingia vinywani mwa watoto wa shule, na halijatoka hadi leo.

Ila katika mazungumzo yale, mwenye kusema alikuwa mmoja. Ua ulibishana usiku kucha, lakini hoja za ua hazikurudi studio. Ukitaka kuijibu redio uliandika barua, Sanduku la Posta 9191, Dar es Salaam, ukasubiri. Ndiyo maana navithamini sana vipindi vya kampeni za elimu ya watu wazima, kuliko hata mazungumzo ya Sozigwa. Kulikuwa na Kupanga ni Kuchagua, kuhusu mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano. Uchaguzi ni Wako, mwaka 1970. Wakati wa Furaha, miaka kumi ya Uhuru. Kisha Mtu ni Afya, 1973, na Chakula ni Uhai, 1975. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vitabu na kuwafunza viongozi wa vikundi. Kikundi kilikusanyika kwa saa yake, kikasikiliza kipindi, kikasoma sura ya kitabu, halafu kikazima redio kijadiliane: hapa kwetu tatizo likoje, na wiki hii tufanye nini? Mtu ni Afya ilidumu wiki 12 na kuwafikia watu wapatao milioni mbili. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Redio iliyojua kunyamaza ili wananchi waseme ilifanya siasa ya kweli, ingawa somo lilikuwa mbu na safura.

Ukimya wa namna nyingine ulikuja Aprili 12, 1984. Vipindi vilikatishwa, na nyimbo za huzuni zikachukua nafasi yake, na kila aliyezisikia alijua kuna msiba mkubwa kabla hajaambiwa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba Waziri Mkuu, Edward Sokoine, amefariki katika ajali ya gari akitoka Dodoma. Watu walilia mbele ya redio.

Sasa nilichoahidi kukitaja, kile redio ilichonyimwa mwaka 1965. Kwa miaka karibu 30 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, ya Serikali moja ya chama kimoja, na mambo ambayo Serikali haikupenda kuyasikia hayakusikika. Waliotaka upande wa pili walihamisha mshale kutafuta masafa mafupi: idhaa za Kiswahili za BBC, iliyoanza 1957, na Deutsche Welle, iliyoanza 1963. Haikuwa uasi. Mtu aliyefunzwa na Redio Tanzania kufuatilia siasa alitaka kufuatilia zaidi ya alivyopewa. Mfumo wa vyama vingi ulirudi 1992, sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua milango, na kuanzia 1994 zikaja Radio One, Radio Tumaini na nyingine nyingi. Tabora nayo ikapata vituo vyake, VOT kikiwa kimojawapo, ambako mtu wa Ipuli hupiga simu akalalamikia barabara ya mtaa wake na ofisa akajibu. Redio ya taifa ikabadilishwa mara mbili tena: kwanza chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, halafu mwaka 2007 ikawa TBC Taifa, chini ya shirika linalobeba herufi zilezile tatu za mwaka 1956.

Katika kipindi hiki, mazungumzo makubwa ya siasa yalitoka bungeni. Marehemu Spika Samuel Sitta, mtu wa Urambo, aliliongoza Bunge kuanzia 2005 hadi 2010, na Februari 2008 wananchi walifuatilia moja kwa moja mjadala wa ripoti ya kashfa ya umeme ya Richmond uliomalizika kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu. Mwaka 2014 Sitta huyohuyo aliliongoza Bunge Maalumu la Katiba. Mwaka 2010 TBC iliwakutanisha wagombea na wapiga kura katika Mchakato Majimboni. Kisha Januari 2016 Serikali ikatangaza kwamba TBC itaacha kurusha Bunge moja kwa moja, kwa hoja ya gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na kwamba mchana watu wako kazini. Usiku wangepewa muhtasari. Nakataa hoja ile kwa nguvu zote. Mkulima husikiliza akipalilia, fundi cherehani husikiliza akishona, na muhtasari ni kazi ya mtu mwingine kukuchagulia usikie nini.

Jengo la zamani la Redio Tanzania, katika Barabara ya Pugu, sasa Barabara ya Nyerere, lina maktaba ya kanda za sauti. Wapenzi wa muziki wa dansi, hata kutoka nje, wamezipigania kanda za nyimbo, kwa kuwa bendi za wakati ule, pamoja na Kiko Kids na Tabora Jazz za kwetu, zilirekodiwa na redio. Wamefanya vyema. Kanda za maneno zinahitaji watetezi wa aina hiyohiyo: hotuba, Mazungumzo Baada ya Habari, vipindi vya Uchaguzi ni Wako, ripoti za mikoa. Miaka 75 ni wakati mzuri wa TBC kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijitali na kuzirusha tena, kipindi kimoja kila wiki, baada ya habari za saa mbili, simu zikiwa wazi kwa wasikilizaji.