Feza ya Sanaa na Masharti Yake: Kutoka Mbudye Mpaka Dosie ya Leo

Siku hizi katika miji yetu vyama vya ngoma, vya teatre, vya wachoraji na vya wanamuziki viko vinauliza swali moja: ginsi gani kupata musaada wa serikali ao wa mashirika kwa kazi ya sanaa? Wengi wanafikiri kama masharti, ni kusema kuandika barua, kuleta statiti, kuhesabu bije, ni mambo ya juzi tu. Lakini tukiangalia historia ya Katanga na ya Congo yote, tunaona kama feza ya sanaa haijatoka hata siku moja bila masharti. Kitu kinachobadilika ni mutu anayeyaweka, na kitu anachotafuta. Tufuate hii njia polepole, tangu wakati wa wankambo, kusudi tujue leo tunaweka sinyatiri yetu juu ya nini.

Masharti ya wankambo

Kwa Waluba kulikuwa chama cha Mbudye, walinzi wa ukumbusho wa ufalme. Chombo chao kilikuwa lukasa, ubao mudogo wa muti wenye kupambwa na shanga na makombe. Mutu mwenye kufundishwa alipitisha vidole juu ya shanga, na kwa kugusa tu alisoma habari ya wafalme, ya safari za watu, ya nafasi takatifu. Wengine wote waliona paka shanga.

Lakini hapana kila mutu aliyeweza kuingia mule. Kulikuwa na ngazi, moja kisha ingine, na kila ngazi na mafundisho yake, siri zake na vitu vya kulipa. Mutu hakuamuka tu asubuhi na kusema: "Mimi nitaimba habari ya mulopwe." Masharti yalikuwa magumu, pengine kuliko ya leo. Tuone basi tofauti yao: wale walioyaweka walikuwa wenyewe mafundi wa ile kazi. Waliuliza kama unajua, kama unaheshimu, kama utaweza kufundisha mwengine. Na sababu ukumbusho ulikuwa mikononi mwao, hata mulopwe hakuweza kuwazarau: Mbudye walikuwa na nguvu ya kupima utawala wake. Mulinzi wa sanaa hakuwa mutumwa wa mwenye mali.

Ukuta na karatasi: Bukama, 1926

Wakati wa Bula Matari mambo yaligeuka. Katika mwaka 1926, kule Bukama, Georges Thiry, mutumishi wa koloni, aliona nyumba zenye kupambwa na picha kwenye ukuta. Fundi mumoja aliitwa Albert Lubaki, mwenye kuchonga pembe za tembo. Bibi yake Antoinette naye alichora. Thiry aliwapa karatasi na rangi za maji, akanunua kazi zao, akazituma Bruxelles kwa Gaston-Denys Périer, mutumishi wa Ministeri ya Makoloni. Alifanya vile vile na fundi mwengine wa Kasai, Djilatendo. Katika mwaka 1929 zile picha zilionyeshwa Bruxelles, kisha zikafika Geneva na Paris.

Hapa hakukuwa fomulere, lakini sharti lilikuwako: acha ukuta, chora juu ya karatasi. Inaonekana kitu kidogo, lakini kinabadilisha yote. Picha ya ukuta inabakia kwa kijiji. Mvua inaifuta, watu wanaichora tena, na mutoto anaiga mukubwa. Picha ya karatasi inasafiri. Leo kazi za Lubaki ziko katika nyumba za makumbusho na kwa watajiri wa Ulaya, na kwetu wengi hawajui hata jina lake. Wakati wale Wazungu wawili walipoacha kununua, hata musaada ulikwisha, na wafundi wakapotea katika maandiko. Musaada wenye kutegemea mapendo ya mutu mumoja unakwisha na yule mutu.

Katika mwaka 1935 Ubelgiji iliunda komisio ya kulinda sanaa na kazi za mikono za wenyeji. Jina lake lilikuwa zuri. Lakini kulinda kulimaanisha pia kuchagua: hii ni "ya kweli", ile imekwisha kuharibika sababu inafanana na ya Wazungu. Mwafrika mwenye kuvaa kaputula na kupanda kinga hakupaswa kuchora kinga. Alipaswa kuchora kama babu yake. Ni nani aliyeamua? Hapana babu.

Hangar ya Elisabethville

Katika mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mufaransa aliyekuwa zamani ofisa wa mashua za vita, alifungua katika Elisabethville masomo yake ya kuchora, yenye watu waliita "Hangar". Mule ndani walitoka wafundi wakubwa: Bela, mwenye kuchora na vidole vyake, Pilipili Mulongoy, na ndege, nyoka na samaki zake, Mwenze Kibwanga, na mistari yake midogo midogo yenye kukatana kama kitambaa cha kufuma.

Sharti la Desfossés lilijulikana: musiige Wazungu. Aliwakataza kufuata mifano ya Ulaya na kuwatuma waangalie pori, maji na nyama. Tuseme ukweli: hili sharti lilizaa matunda. Kila mumoja alipata mukono wake, na hata leo mutu anatambua kazi ya Mwenze ao ya Pilipili kutoka mbali. Lakini tuseme ukweli mwengine pia: wakati Pilipili alikuwa anachora ndege, pembeni ya Hangar kulikuwa kiwanda cha shaba, treni, kampi za Union Minière, wafanyakazi maelfu. Ile yote haikuonekana sana kwenye tablo za Hangar. Masharti yanaweza kufungua mukono wa fundi na kufunga macho yake kwa wakati mumoja.

Desfossés alikufa katika mwaka 1954. Wanafunzi wake waliingia katika Akademia ya Laurent Moonens, iliyoanzishwa katika mwaka 1951, na Pilipili na Mwenze walifundisha mule. Hapa tunaona kitu cha maana: masomo yenye kuwa na sheria, walimu na bije yanaweza kupita kifo cha mwanzilishi.

Authenticité: Leta inalipa, Leta inapigiwa ngoma

Kisha uhuru, na zaidi tangu mwaka 1971, wakati Congo ilipoitwa Zaïre, Leta yenyewe ilijifanya baba wa sanaa. Hatuwezi kukataa mazuri yake. Institut des Musées Nationaux iliundwa katika mwaka 1970. Katika mwaka 1973 Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kuomba vitu vya wankambo virudi kwetu, na kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu 114 kutoka Tervuren. Kulikuwa Ballet National, kulikuwa Théâtre National.

Lakini wazee wanakumbuka pia animasio. Ngoma za harusi, za mavuno, za matanga, zilichukuliwa, maneno yao yakaondolewa, na mahali pao wakatia jina la Mwongozi. Wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi, wamama wa soko, wote walicheza. Kikundi chenye kucheza vizuri kilipata vitambaa, safari, chakula. Kikundi chenye kukataa hakikupata kitu, ao kilipata matata. Sharti halikuandikwa mahali popote, lakini kila mutu alilijua: sifu kwanza. Njo maana hata leo wazee fulani, ukiwaambia "serikali inataka kusaidia ngoma yenu", wanaangalia chini na kunyamaza. Tusiseme hawaelewe. Wanaelewa sana.

Wenye hawakuomba

Katika miaka ile ile, kwenye barabara za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kulikuwa wachoraji wenye hawakungoja Leta. Walichora juu ya kitambaa cha gunia la unga, wakauzisha nyumba kwa nyumba kwa karani, mwalimu, mufanyakazi wa Gécamines. Walichora mamba muntu, walichora "Colonie belge" na askari mwenye kupiga fimbo. Watu walitundika zile tablo katika salon na kuziita ukumbusho, juu zilifanya wageni waanze kuzungumuza. Mumoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia ya inchi yote, tablo karibu mia moja, kwa Johannes Fabian, mwalimu wa universite, katika miaka 1973 na 1974.

Sharti lao lilikuwa moja tu: munuuzi ajitambue katika picha. Hili lilikuwa sharti la uhuru, lakini lilikuwa na bei. Wakati mishahara ilianguka, wanunuzi walikwisha, na wachoraji wengi wakaacha. Basi tusidanganyane: kubakia bila musaada hapana dawa.

Makartasi ya leo

Tuko wapi leo? Sheria tunazo. Katiba ya mwaka 2006, katika artikle 46, inasema kama kila mutu yuko na haki ya utamaduni na uhuru wa kuumba kazi ya sanaa, na kama Leta inalinda na kuinua urizi wa inchi. Fonds de Promotion Culturelle iko tangu mwaka 1987. Ni kusema, musaada hapana sadaka. Ni feza ya watu wote, na raia yuko na haki ya kuuliza inatoka namna gani na inaenda kwa nani.

Lakini mbele ya kuomba, chama kinapaswa kuwa chama mbele ya sheria. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaomba: statiti zenye kupita kwa notere na kuwekwa sinyatiri na washiriki wote wenye haki kamili, kanuni za ndani, liste ya majina, jina la kila mwongozi na kartasi ya mwenendo muzuri, na tangazo la feza yenye wanatumaini kupata. Dosie inaenda kwa Ministri wa Haki, na maoni ya ministri wa kazi inayohusika. Yale maoni, kama ni mazuri, yanakuwa ruhusa ya kutumika wakati munangojea. Na kisha miezi 6 ya kunyamaza, sheria inahesabu kama mumepewa. Vyama vingi havijui hili, na vinalipa watu wa katikati kwa kitu chenye sheria imekwisha kuwapa.

Mashirika ya kigeni yako na yao. Fonds ya UNESCO ya utamaduni wa namna mbalimbali, kwa mufano, inapokea dosie kwa Kifaransa ao kwa Kiingereza tu. Inaomba bije, programu ya miezi, ripoti ya mwisho. Hapana vibaya: feza ya watu inapaswa kuhesabiwa. Lakini muangalie nani anabakia inje. Mama muzee mwenye kujua nyimbo makumi mawili za kuzaliwa kwa mapacha hajui Kifaransa, hana adresi ya intaneti, hana konti ya banki. Kijana mwenye diplome anaandika dosie kwa jina la nyimbo zake, feza inafika, semina inafanyika, picha zinapigwa. Mama anapewa Fanta na nauli. Hapana mwizi katika hii habari, makartasi yote ni sawasawa, na hata hivyo kuna mutu ameibiwa.

Masharti yetu wenyewe

Historia inatufundisha nini? Kwanza, tusiogope masharti. Mbudye walikuwa nayo, na njo yaliwapa heshima. Pili, tuulize kila mara: hili sharti linaangalia ginsi feza inatumika, ao linaangalia ginsi ngoma inachezwa? La kwanza ni haki, tulipokee. La pili, tusimame na tujadili, sababu Bukama, Hangar na animasio vimetuonyesha mwisho wake.

Tatu, vyama vyetu viandike masharti yao mbele ya kuomba ya wengine. Wenye kujua kazi waingizwe katika liste ya washiriki wenye haki kamili, hapana kama "wageni wa heshima". Dosie isomwe kwa sauti, kwa luga yenye wote wanasikia, mbele ya kuweka sinyatiri, na procès-verbal iseme kama ilisomwa. Katika bije kuwe na mustari wa yule anayefundisha, kama vile kuna mustari wa essence na wa kukodisha sono. Nakala ya rekodi na ya picha ibakie kwa wenye ngoma. Hakuna sheria inayokataza hii, na hakuna mutoaji wa feza atakayekasirika juu yake.

Wazee wanasema mukono mutupu haulambwe, na ni kweli: kazi ya sanaa inahitaji feza. Lakini fundi wa lukasa hakuingia katika nyumba ya mulopwe na mukono mutupu. Alikuwa na ukumbusho, na mulopwe alijua bei yake. Wakati tunapeleka dosie kwenye ofisi, tujue sisi pia kama kuna kitu tunaleta, na kiandikwe kwa jina la wale wenye kukichunga.