Kutanguliwa Mnadani

Jirani yangu hapa Njombe mjini anauza miche ya parachichi ya Hass. Julai, baridi inapowafukuza watu kitaluni mapema, jioni yake huishia kwenye kujitafuta: anachukua simu, anaandika "miche ya parachichi Njombe", anahesabu matangazo kwa kidole. Siku moja alinipa simu nishuhudie mwenyewe.

"Kaka, jana nilikuwa wa kwanza. Leo sipo kabisa. Nani kanishusha?"

Huenda hakuna aliyemshusha. Mtu akilitafuta tangazo lilelile kila mara bila kuligusa, mtambo wa Google humwona hapendezwi nalo, ukaacha kumwonesha. Tena kila alipojitafuta likatokea naye asilibofye, alijiongezea idadi ya walioliona wakapita. Saa hiyohiyo mkulima wa Makambako, kilomita 60 hivi kutoka hapa, pengine alikuwa analiona juu kabisa.

Kosa la jirani yangu limeanzia kwenye neno "nafasi". Kwetu nafasi ni kiti ndani ya basi, ni fursa, ni wasaa ("leo sina nafasi"), na ni namba kwenye matokeo ya shule. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotupoteza. Mtoto akishika nafasi ya tatu kati ya 45, ni wa tatu mpaka muhula ujao. Matangazo ya kulipia kwenye utafutaji hayana muhula: kila mtu anapotafuta, mnada unapigwa upya.

Na mnada tunaujua. Kwenye mnada wa ng'ombe, anayetaja bei kubwa anaondoka na ng'ombe kwa bei hiyohiyo aliyoitaja. Dalali wa Google ana tabia mbili ngeni. Kwanza hatazami fedha peke yake. Anapima ubora wa tangazo na wa ukurasa linakompeleka mteja, maneno yaliyotafutwa, mahali mtafutaji alipo, kifaa alichoshika, hata saa. Pili, mshindi kwa kawaida halipi alichotaja, analipa kinachotosha tu kumpita aliye chini yake. Ndiyo maana mwenye mfuko mwembamba anaweza kukaa juu ya tajiri mwenye tangazo bovu.

Google wenyewe waliilea "nafasi" kwa miaka mingi. Huduma yao ya matangazo, iliyoanza mwaka 2000, iliwapa wateja kipimo cha wastani wa nafasi. Ukitokea wa 1 asubuhi na wa 5 mchana, unasomewa 3, mahali ambapo hujakanyaga. Na huyo wa kwanza alikuwa ametangulia matangazo mengine tu. Yote yangeweza kuwa mkiani mwa ukurasa, chini ya matokeo ya kawaida. Kipimo hicho kilistaafishwa Septemba 2019. Sikukililia.

Siku hizi watu wa matangazo wanazungumzia "impresheni sheya". Nimeona wengine wakiandika "mgao wa maonesho", lakini msomaji wa Nyanda za Juu Kusini atadhani anagawiwa banda la Nane Nane. Mimi nasema "mgao wa kuonekana". Najua Mtanzania akisikia mgao anawaza umeme, na hapo ndipo neno linapofaa: unapata sehemu, hupati zote. Tuseme kulikuwa na mara 200 ambazo tangazo lako lilistahili kutokea, likatokea 90. Mgao wako ni asilimia 45. Zile asilimia 55 zilizopotea nazo zinachambuliwa, zilizopotea kwa bajeti na zilizopotea kwa kushindwa mnadani.

Tulipofungua akaunti ya jirani, upotevu mkubwa ulikuwa wa bajeti. Fedha ya siku ilikuwa inaisha kabla jua halijageuka, naye anajitafuta usiku.

Kuhusu washindani kuna ripoti ya mnada, inayotoka ikiwa tu tangazo lina shughuli ya kutosha. Safu yake moja inasema mmekutana mara ngapi ukurasa mmoja: kiwango cha kukutana. Nyingine inasema, katika hizo mlizokutana, mwenzako alikaa juu yako mara ngapi. Jina lake la Kiingereza halikwambii nani yuko juu ya nani mpaka usome maelezo. Kiswahili kinamaliza kwa herufi moja ya kauli ya kutendwa: kiwango cha kutanguliwa. (Wapo wanaolikwepa neno hili kwa sababu marehemu nao "wametangulia". Hilo nawasamehe.) Ya tatu inahesabu mara ulizomkalia juu pamoja na zile ulizotokea yeye hayupo. Hiyo usiiite kutangulia, kwa kuwa humtangulii asiyekuwepo. Naiita mgao wa kushinda.

Na hamu ya kuona kwa macho je? Kipo chombo ndani ya akaunti kinachokuonesha ukurasa kama mteja angeuona, bila kuhesabiwa. Unachagua mahali na kifaa. Jina lake rasmi ni refu. Sisi tumekiita kichungulio, na sijaona sababu ya kuwasubiri BAKITA.

Kesho yake asubuhi, fedha ya siku ikiwa bado ipo, tulichungulia tukiwa "Makambako". Alikuwa wa pili. Juu yake alikaa muuzaji wa Dar es Salaam, na tangazo la huyo lilitaja bei ya mche na siku za kusafirisha.

"Kumbe huyu hata parachichi halioti kwake," alisema jirani, akavuta kiti, akaanza kuandika lake upya. La zamani lilisema tu "Karibuni sana".