Waongoza ndege: Ulaya ilifunzwa na msiba, sisi Tana River twangoja nini?

Ndege ziendazo Lamu kutoka Nairobi na Malindi hupita juu ya delta yetu au kando yake kila siku, na sisi wa Garsen tumezizoea kama tulivyozoea mabasi ya Lamu. Watoto huzipungia mkono, basi. Ni wachache wanaouliza nani yuko chini anayeiambia hii ipande na ile ingoje. Huyo ni mwongoza ndege. Leo nataka tumjue: anafunzwaje, kazi yake inapimwaje, na kwa nini inamhusu hata mtu wa Minjila au Ngao ambaye hajapanda ndege maishani.

Kazi yenyewe ni kuzitenga ndege. Kwenye njia kuu zenye rada, ndege mbili zilizo kimo kimoja huachanishwa kwa kilomita 9 hivi, na zikipishana juu na chini huachanishwa kwa mita 300. Nafasi hiyo yaonekana kubwa. Lakini ndege mbili zikielekeana, kila moja ikienda kilomita 800 kwa saa, kilomita 9 huisha kwa sekunde 20. Huo ni muda wa kumimina kahawa.

Hapa Kenya kazi hii iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, iliyoundwa mwaka 2002. Waongozaji husomea Embakasi, katika chuo cha usafiri wa ndege cha Afrika Mashariki kiitwacho EASA. (Ulaya nao wana EASA yao, shirika la usalama wa ndege lenye makao Cologne, Ujerumani. Tusichanganye.) Mwanafunzi akishafuzu darasani huenda kituoni, akakaa kando ya mkongwe anayemsimamia mpaka aaminiwe peke yake. Hupimwa afya, na hupimwa Kiingereza kwa ngazi sita za shirika la kimataifa la ICAO. Tangu 2008, aliye chini ya ngazi ya nne haruhusiwi kuongoza ndege za kimataifa.

Ila cheti si mwisho. Hapo ndipo nataka tuende Ulaya.

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege ya abiria ya Urusi na ndege ya mizigo ya DHL ziligongana juu ya Überlingen, kusini mwa Ujerumani. Walikufa watu 71, wengi wao watoto waliokuwa wakienda likizo. Anga hiyo ilikuwa ikiongozwa kutoka Zürich na kampuni ya Skyguide. Zamu ile mwongozaji alikuwa mmoja akihudumia meza mbili, kwani mwenzake alikwenda kupumzika na desturi hiyo ilikuwa imevumiliwa. Simu kuu ilizimwa kwa matengenezo. Wenzao wa Karlsruhe waliiona hatari kwenye rada, wakapiga simu, isipokelewe. Mwongozaji aliwaambia Warusi washuke, hali mtambo ndani ya ndege yao uliwaambia wapande. Wakamtii mtu. Ndege ya DHL iliutii mtambo wake, nayo ikashuka.

Mwaka 2004 mwongozaji yule aliuawa mlangoni kwake na baba aliyefiwa na mke na watoto. Lakini mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wasimamizi wanne wa kampuni. Mimi naona hukumu ile iligusa penyewe: mtu mmoja alikuwa kitini, lakini waliopanga zamu na kuzima simu ni wengine.

Leo msimamo wa ICAO ni wazi: mtambo wa kuzuia mgongano ukisema jambo na mwongozaji akasema jingine, rubani autii mtambo. Waongozaji wa Ulaya hurudishwa darasani mara kwa mara, wakawekwa mbele ya rada za kuigiza ambamo injini huzima na redio hukatika. Shirika la Eurocontrol lina chuo chake Luxembourg. Umoja wa Ulaya nao tangu 2012 hupima huduma ya anga kwa mambo manne: usalama, mazingira, uwezo wa kupitisha ndege bila kuchelewa, na gharama. Mwenye akili ataona mvutano hapo, kwani ukibana gharama waweza kubana zamu, ukarudi Zürich ile ile.

Lililonipendeza zaidi ni sheria yao ya mwaka 2014, namba 376. Mfanyakazi akiona tukio la hatari sharti aliripoti ndani ya saa 72, na sheria humlinda asiadhibiwe kwa kosa la kibinadamu, isipokuwa amekusudia au amezembea vibaya. Kwetu sisi mtu akisema "hapa niliteleza" barua ya kumwachisha huwa tayari. Basi makosa hufichwa, nayo hayaachi kuzaana.

Wala tusidhani ni mambo ya Wazungu. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya Safarilink iliyotoka Wilson kwenda Diani iligongana na ndege ndogo ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki. Ndege kubwa, yenye watu 44, ilirudi salama alhamdulillahi.

Sasa nyumbani. Viwanja vya Garsen na Hola havina mnara wa kuongozea ndege. Rubani anayekuja hutangaza kwa redio alipo na anakoelekea, akitumaini mwenzake anasikia. Siku za kawaida yatosha. Lakini mvua za El Nino za mwisho wa 2023 zilipokata barabara zetu, ndege na helikopta ndizo zilizotumainiwa kuleta chakula na kutoa wagonjwa. Vyombo vinapozidi kwenye kiwanja kisicho na mnara, pamoja na mifugo na umati unaokimbilia unga, hatari iko chini kama ilivyo juu.

Sidai mnara wa mamilioni. Nataka kaunti, kabla ya mvua za masika, iiombe KCAA iwafunze vijana wachache wa hapa kushika redio, kumwambia rubani upepo na hali ya kiwanja, na kuondoa ng'ombe na watu njiani. Na vijana wetu wanaofaulu hesabu na fizikia wapewe basari ya Embakasi kama wanavyopewa ya ualimu. Bajeti ya kaunti husomwa Juni, na vikao vya maoni ya wananchi hutangulia. Mimi nitakwenda na ombi hili mkononi. Atakayefika asimame nami.