Chombo cha Kuogea

Mtu ajengaye nyumba hufikiri sana juu ya kuta na paa, walakini chombo cha kuogea mara nyingi hukinunua kwa kuvutwa na mng'ao wake. Historia yatufundisha kuuliza kwanza: kimefanywa kwa kitu gani, nacho kitakaa katika nyumba ya namna gani?

Watu wa kale walitumia kilichokuwa karibu nao. Katika kisiwa cha Krete, jumba la Knossos, ambalo Arthur Evans alianza kulifukua mwaka 1900, lilikuwa na hodhi la udongo wa kufinyanga lililofanywa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Udongo haushiki kutu, ila ukipigwa huvunjika. Huku kwetu, watu wa Lamu hawakutaka hodhi la kuketi ndani yake. Walijenga birika katika chumba cha kuogea kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakateka maji kwa kata na kujimwagia. Humo walitia samaki wadogo wapate kula viluwiluwi vya mbu, na chini walipachika bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wasife. Mawe yalitoka pwani ile ile, na fundi alikuwa jirani.

Mambo yaligeuka viwanda vilipoeneza chuma cha kusubu. Chuma kina nguvu, lakini maji hukitia kutu. Mwaka 1883, huko Wisconsin, Marekani, John Michael Kohler alitwaa chombo cha chuma kilichotumiwa kunyweshea wanyama, akakivika enameli, ambayo ni namna ya kioo iyeyushwayo kwa joto kali, akakitia miguu minne, akakiuza kuwa hodhi la kuogea. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti". Bali hapa cha ndani ndicho chenye nguvu. Hodhi hilo hudumu miaka mingi na kuhifadhi joto la maji. Lakini enameli ikibanduka, kutu huingia. Na uzito wake huweza kupita kilo 100 likiwa tupu. Ongeza lita 150 za maji, nazo ni kilo 150, kisha mwogaji mwenyewe: sakafu dhaifu ya ghorofani itastahimilije?

Katika karne ya 20 ikaja akriliki, namna ya plastiki. Hodhi lake ni jepesi, wala halina ubaridi wa chuma. Walakini hukwaruzika upesi likisuguliwa kwa vitu vikali, na lisipotegemezwa vema chini hunepa.

Basi, msomaji, kila kitu kilikuja kuondoa taabu moja, nacho kikaleta nyingine. Mwenye busara hupima kwanza sakafu yake, maji yake na mfuko wake. Mng'ao huutazama mwisho.