Pembe ya Mwana Darini

Katika wazazi wote wa pwani yetu waliowahi kuhangaikia chombo cha kupuliza kwa ajili ya mtoto, wa kwanza ninayemjua kwa jina ni Mwana Darini wa kisiwa cha Pate. Khabari za Pate zinasimulia kwamba mama huyu, aliyekuwa wa nyumba ya watawala Wanabahani, alikusudia kumtahiri mwanawe, na sherehe ya mtoto wa cheo kile haikutimia bila siwa, pembe ya heshima ya kupuliza. Akaiomba siwa ya mji. Akanyimwa, maana ukoo wenyewe ulikuwa na uhasama ndani yake. Mwana Darini hakukaa akalia. Alimwita fundi hodari wa kuchonga, akampa pembe za ndovu, kazi ikafanywa kwa siri, hadi siku ile sauti ilipotoka ghafla na Pate nzima ikajua kwamba sasa kuna siwa nyingine.

Nimefundisha historia katika sekondari za Tanga mpaka nilipostaafu, na kila mwaka kisa hiki nilikisomesha kama habari ya siasa za Pate. Siku hizi nakisoma kwa macho ya bibi. Mjukuu wangu wa kike amechaguliwa kuingia bendi ya shule, amepangiwa tarumbeta, na shule imetuandikia barua kwamba kila mzazi amnunulie mtoto wake chombo.

Barua ile ndiyo iliyonirudisha vitabuni, kwa sababu nilihisi inakwenda kinyume na jambo la zamani sana kwetu.

Siwa haikuwa mali ya mtu. Lamu walikuwa na yao ya shaba, Pate ya pembe za ndovu, na zote mbili leo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Ni pembe kubwa na ndefu, na tundu la kupulizia liko ubavuni. Ilitoka kwa harusi, kwa tohara, kwa kutawazwa wakubwa, na aliyeihitaji aliwaendea wenye mji akaomba. Ilikuwa sauti ya mji mzima, na mji uliitoa kwa mtoto mmoja siku moja, kisha ukaichukua na kuiweka. Lakini sitaipamba zaidi ya ilivyokuwa. Ruhusa ile ilikuwa ya waungwana. Mtoto wa mtumwa au wa mgeni asiye na ukoo hakupuliziwa siwa, hata mama yake angeomba vipi. Chombo cha wote kilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Hata Mwana Darini, pamoja na cheo chake, alifungiwa, na ndiyo maana akaingia gharama ya kutengenezesha chake mwenyewe.

Tarumbeta za pistoni zilitufikia kwa njia nyingine kabisa. Pistoni zenyewe ni uvumbuzi wa Ujerumani wa miaka ya 1810. Kabla yake pembe ya shaba ilitoa sauti chache tu, kama buruji ya jeshi inavyotoa hadi leo; baada yake mtu mwenye vidole vitatu aliweza kupiga wimbo wowote. Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya vyombo hivyo. Wapigaji wake walikuwa Wagoa, na jioni walipiga mbele ya kasri, watu wa mji wakisimama pale pwani kusikiliza. Chombo kilikuwa cha Sultani na mpigaji alikuwa mwajiriwa. Mtoto wa mtaa wa Ng'ambo aliyetamani kukigusa hakuwa na pa kuanzia.

Pa kuanzia palipatikana katika miaka ya 1890, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Vijana wa Lamu na Mombasa, waliokuwa wameona bendi za manowari, za jeshi na za misheni, walianzisha ngoma yao wenyewe na kuiita beni. Mombasa ikagawanyika kati ya vyama viwili, Kingi na Skochi. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali, makapteni, hata daktari, na gwaride lilipopita mtaani na ngoma kubwa na tarumbeta mbele, upande wa pili ulijua kwamba wiki ijayo lazima ujibu kwa sare bora zaidi na karamu yenye ng'ombe wengi zaidi. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama, vikishindana kwa ukali uleule. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, beni ilikuwa imeshavuka mpaka ikaenea Tanganyika nzima kwa majina mengine mawili, Marini na Arinoti. Askari aliyehamishiwa Tabora au karani aliyepelekwa Lindi alikuta wenzake wa chama kilekile wakimngoja kituoni. Serikali ya Waingereza iliogopa mtandao ule. Watawala wengine waliona njama ya kisiasa mahali ambapo watu walikuwa wanatafutana kwa ngoma.

Wanahistoria wameandika mengi juu ya zile sare na vyeo. Ninavutiwa zaidi na daftari la michango. Mwanachama wa beni alilipa ada. Fedha ile ilinunua vyombo, ikalisha wageni, ikamsaidia mgonjwa, ikamzika aliyefariki. Kwa hiyo tarumbeta ilikuwa ya chama, katika mfuko uleule uliotoa sanda. Kijana asiye na senti ya kununua pembe aliipuliza kwa sababu wenzake walikuwa wamechanga, naye alichanga ili mwingine aje kuipuliza. Mlango wa siwa ulikuwa umefunguliwa na watu ambao hawakuomba ruhusa kwa yeyote.

Na pale ambapo hata mchango haukutosha, watu walitengeneza. Upande wa Ziwa Nyasa, ambako beni ilizaa ngoma ya mganda, vijana walichukua vibuyu, wakatoboa, wakafunika tundu kwa utando wa buibui, wakapuliza kwa kuimbia ndani. Vinaitwa malipenga. Utando ule hutetemeka na sauti hutoka nene yenye mvumo, na vikipangwa vikubwa kwa vidogo unapata bendi nzima isiyokuwa na kipande cha shaba. Ningependa kila mtoto wa bendi nchini aonyeshwe lipenga kabla hajaonyeshwa orodha ya bei.

Mji wangu wa Tanga nao una sehemu yake katika habari hii, tena sehemu ya shule hasa. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili kupata makarani, walimu na mafundi. Shule ile ilikuwa na mtambo wa kuchapa, ndipo lilipotoka gazeti la Kiswahili la Kiongozi, na ilikuwa na bendi ya wanafunzi ya vyombo vya shaba, wavulana waliotolewa kupiga katika sherehe za serikali. Hakuna mzazi wa Kidigo au Kibondei aliyeandikiwa barua anunue pembe. Vyombo vilitoka serikalini, na serikali ilijua inachokitaka: wavulana wanaotembea sawasawa mbele ya bendera yake. Lakini ujuzi ukishaingia mdomoni na vidoleni haurudishwi stoo na chombo. Mvulana aliyejifunza kupiga pale aliondoka nao alipopangiwa kazi, akawa nao popote alipokwenda.

Milimani, Usambara, mambo yalikuwa mengine. Wamisionari wa Bethel walifika huko mwaka 1891, na huko kwao Bielefeld alikuwapo mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezaliwa 1856 na kufariki 1941, mtu aliyeamini kwamba vyombo vya shaba ni vya ibada kuliko vya gwaride. Mila hiyo ya matarumbeta ya kanisani imekaa, na Walutheri wa Tanzania wakaifanya yao, kuanzia Lushoto hadi Moshi hadi Bukoba. Chombo ni cha usharika. Jumapili kinapulizwa ibadani, Jumamosi harusini, na katikati ya wiki, ikibidi, mazishini.

Kuna jambo moja la Kuhlo ambalo mzazi wa leo anapaswa kulijua kabla hajalipa chochote. Yeye alitaka wapulizaji wasome kitabu kilekile cha mpiga kinanda, kwa hiyo noti iliandikwa kama inavyosikika. Bendi za jeshi na polisi, zilizofuata Waingereza, huiandika sauti hiyohiyo ya tarumbeta ya kawaida juu zaidi kwa noti moja nzima. Tarumbeta ni ileile na vidole ni vilevile, ila kitabu ni tofauti. Mtoto aliyejifunza kanisani kwa mtindo wa Kuhlo akiingia bendi ya shule huonekana hajui kusoma, na mzazi hudhani amenunua chombo kibovu. Mwambieni mwalimu mtoto ametoka wapi. Hilo halina gharama.

Juu ya bendi za dansi nitasema kidogo, ingawa ujana wangu ulijaa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 iligawanyika kwa hizo kama Mombasa ya Kingi na Skochi. Funzo lao ni chungu. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Nchi nzima, mpiga saksafoni mwenye kipaji alipogombana na uongozi alitoka mikono mitupu, akaenda kutafuta bendi nyingine yenye chombo cha kumpa. Kwa hiyo nikisema chombo kiwe cha wote, nina maana ya wote wenye daftari na sauti kikaoni, kama wana beni. Chombo cha bosi ni jambo jingine.

Nilikwenda kumwona mwalimu wa bendi, kijana mwenye heshima.

"Shikamoo, Mwalimu," aliniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hivi kweli kila mtoto awe na lake?"

Alinieleza kwamba stoo ina ngoma na filimbi tu, tarumbeta zilizokuwapo ziliharibika zamani, na kwamba wazazi wenye uwezo wakinunua angalau bendi itaanza. "Na wasio na uwezo?" nikamuuliza. Akasema hao watapiga ngoma. Jibu hilo sikulipenda. Lilinikumbusha bawabu wa siwa, ingawa kijana yule hana ubaya wowote na mshahara wake haununui hata pistoni moja.

Niliitisha wazazi nyumbani kwangu. Nikawasimulia habari ya michango ya beni, nikawaambia wazi kwamba naona ni aibu mji uliokuwa na bendi ya wanafunzi zaidi ya miaka 100 iliyopita kuwagawa watoto kwa mifuko ya wazazi wao. Baba mmoja alisema cha wote huharibika kwa kuwa hakina mwenyewe. Ana haki ya kuogopa. Tukakubaliana daftari litunzwe na mama mmoja muuza samaki wa Deep Sea hapa Tanga, mtu ambaye hesabu yake haina mchezo, na kila chombo kiandikwe kipo kwa nani na kimerudi lini.

Tarumbeta ya kwanza tumeipata kwa mzee aliyepiga zamani bendi ya jeshi. Ameitoa kwa laki tatu na nusu. Nawaandikia alivyotufundisha kuikagua, maana za mtumba ni nyingi na nyingine ni mapambo tu. Vuta kibomba cha kila pistoni bila kuibonyeza, kisha ibonyeze: ukisikia mlio mkavu wa hewa, pistoni inabana vizuri; usiposikia kitu, inavuja, na kuitengeneza huweza kuwa ghali kuliko kuinunua. Angalia bomba linalopokea pumzi kutoka mdomoni. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na mate ya miaka mingi huila zinki. Madoa ya rangi ya waridi yanayotokea ndani kwenda nje ni dalili kwamba bomba limeoza. Bonde dogo kwenye kengele ya mbele halina neno. Hakikisha kipande cha mdomoni kinachomoka kwa mkono, na ukikuta kimeganda usikivute kwa koleo. Mtoto naye akaguliwe: meno ya mbele ya ukubwani yawe yameshatoka na kushika.

Kipande cha mdomoni nimemnunulia mjukuu wangu cha kwake peke yake, na kila mtoto anayepuliza amepata chake kwa fedha za mfuko, kwa sababu ya afya. Tarumbeta yenyewe inalala nyumba tofauti kwa zamu. Wiki hii ipo kwa mtoto wa dereva wa bodaboda, Mabanda ya Papa, na majirani zake wameshakuja kwangu kulalamika juu ya kelele za saa kumi na moja alfajiri. Nimewaambia wamchangie besi, ile pembe kubwa ya sauti nzito, ili angalau wimbo uwe kamili. Wawili wametoa.