Bendera Nne, Ufuko Mmoja: Tarehe ya Dini kutoka Ujiji hadi Mwamgongo

Ukitoka Kibirizi kwa boti ya abiria kuelekea kaskazini katika Ziwa Tanganyika, milima ya Gombe hukaa mkono wako wa kulia kwa muda mrefu. Hifadhi ya Gombe inapoisha ndipo Mwamgongo inapoanza: nyumba zimebanana kati ya mlima na maji, dagaa wameanikwa mchangani. Wasafiri Burton na Speke walipita na mitumbwi yao katika ufuko huu Aprili 1858 wakienda Uvira. Livingstone na Stanley nao walipita mwishoni mwa 1871, wakienda kuutazama mto Rusizi. Kila mmoja aliandika alichokiona akiwa ndani ya chombo, kisha akaenda zake. Waliokuja kutawala walikaa zaidi kidogo, nao wakaondoka.

Habari hii ya watawala wanaopita na dini ya wenyeji inayobaki ina ndugu yake wa mbali kule Misri. Kwa karibu miaka 300, Wamisri walitawaliwa na Wagiriki wa ukoo wa Ptolemy. Wafalme hao walikuwa na jeshi na fedha, lakini mahekalu hayakuwa yao. Walitunga mungu mpya, Serapis, ili wageni na wenyeji wakutane kwake. Wenyeji wakaendelea na Isis wao na Apis wao. Jiwe la Rosetta, la mwaka 196 kabla ya Kristo, ukiliondolea sifa na mapambo, ni mapatano: makuhani wanamtukuza mfalme kijana, naye anawasamehe kodi. Mtawala asiyezungumza na wenye madhabahu alikuwa anatawala nusu ya nchi tu.

Hapa kwetu wenye madhabahu waliitwa wateko. Waha, wenyeji wa hapa, walimjua Mungu kwa jina la Imana, na mwami, mtawala wao, alikaa juu milimani, lakini mambo ya ardhi yalikuwa mikononi mwa mteko. Ndiye aliyegawa shamba na kufanya matambiko ya nchi. Mgeni aliyetaka kiwanja bila kupita kwake alikuwa anajitafutia shari.

Maji nayo yalikuwa na miiko yake. Burton alilalamika sana juu ya wapiga makasia wake (mtu huyu hakuchoka kulalamika). Hawakutaka mabaki ya chakula yatupwe ziwani. Yalipaswa kubaki ndani ya mtumbwi. Wala hawakupenda kuulizwa safari inaishia wapi. Na Stanley alisimuliwa habari za Kabogo, ng'ambo ya ziwa, ambako maji hunguruma ndani ya mapango ya mlima: wapitao hutupa kipande cha nguo ya merikani na shanga ili waachwe wapite salama. Merikani ilitoka Marekani, ikashukia Zanzibar, ikabebwa vichwani kwa miezi hadi ziwani, na huko ikawa sadaka. Bidhaa ya mgeni iliingia katika ibada ya mwenyeji bila mtu kuona ajabu.

Wafanyabiashara wa pwani walifika Ujiji karibu mwaka 1840. Mkubwa wao alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, na alichokifanya kinaeleza mengi: alioa binti wa mtawala wa Ujiji. Hakuvunja kitu. Sultani Barghash alipompa bendera nyekundu ya Zanzibar mwaka 1881, wateko walikuwa bado wanakaa barazani mwao, na bendera ile haikuwaamuru watu kusali. Uislamu ulienea kwa njia nyingine. Ulienea kwa ndoa, kwa biashara, na zaidi kupitia watu waliotolewa Manyema, ng'ambo ya ziwa, wengi wao wakiwa watumwa, wafuasi na wapagazi. Mtu aliyeng'olewa kwao, asiye na mteko wala kaburi la babu karibu, alipata katika msikiti jina, jamaa na mahali pa kuzikwa. Kwa maoni yangu, Wamanyema ndio walioufanya Uislamu wa Ujiji kuwa wa kudumu, kuliko Mwarabu yeyote mwenye bunduki. Baadaye zikri za tarika ya Qadiriyya zikakaza fundo hilo.

Wamisionari walikuja katikati ya hali hiyo, nao walipata taabu. Watu wa London Missionary Society waliingia Ujiji Agosti 1878, J. B. Thomson akafa mwezi uliofuata, na Arthur Dodgshun akafa Aprili 1879, siku chache tu baada ya kuwasili. Mmoja wa waliobaki, Edward Hore, alikuwa baharia, na wafanyabiashara wakamzungusha kwa suala la kiwanja. Hatimaye misheni ikahamia kisiwa cha Kavala, upande wa magharibi, kisha kusini ya ziwa.

Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Ujiji Januari 1879 na hawakukaa. Waliusogelea ufuko wa kaskazini, wakapita mbele ya milima hii hii, wakajenga Rumonge, ambayo leo iko Burundi. Walikuwa wakikomboa watoto utumwani na kuwalea. Tarehe 4 Mei 1881, ugomvi juu ya mtoto mmoja ukawaua padre Deniaud, padre Augier na msaidizi wao D'Hoop. Wenyeji waliwaona kama watu wanaokusanya watoto na kukaa na silaha, na kwa jirani hilo lilifanana mno na mambo ya wauza watumwa.

Wajerumani waliweka boma Ujiji mwaka 1896. Ungedhani sasa kanisa limepata mwenyewe. Lakini boma lilihitaji makarani, maliwali na maakida wanaojua kusoma na kuandika Kiswahili, na watu hao walikuwa Waislamu. Serikali ya Kikristo ikawa inatawala kwa kofia na kanzu, na Uislamu ukapanuka zaidi chini yake kuliko ulivyopanuka chini ya Sultani. Reli ilipofika Kigoma Februari 1914, bandari ilihama Ujiji, msikiti haukuhama.

Wabelgiji waliiteka Kigoma Julai 1916 wakaondoka 1921. Kwa habari za dini, walipita.

Waingereza walirudisha utawala wa machifu miaka ya 1920, na hapo milima na ufuko vikaachana waziwazi. Juu, Kasulu na Kibondo, makanisa yalishika. Nchi ya Heru, huko Kasulu, ikapata mtawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jina la ubatizo na jina la kiti vikikaa pamoja. Vikarieti ya Kigoma iliundwa 1946 chini ya Askofu Jan van Sambeek, ikawa jimbo 1953. Chini ziwani adhana ilibaki juu. Mwaka 1943 Waingereza waliifanya Gombe kuwa pori la akiba, na 1968 serikali huru ikaifanya hifadhi ya taifa. Kwa jirani wa Mwamgongo, mpaka huo umebadili maisha zaidi kuliko dini ya gavana yeyote, maana ni kuni, ni shamba, ni njia ya kwa wajomba.

Jambo moja la kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, mitumbwi hukaa pwani. Maulidi huangukia tarehe 12 Mfungo Sita, mwezi ukikaribia kujaa, yaani siku ambazo mvuvi hana sababu ya kulala majini. Hakuna mtawala aliyepanga hivyo.

Habari nyingi za zamani za ufuko huu ziliandikwa na wapita njia. Wajukuu wa wateko na wa Wamanyema wapo, kuanzia Ujiji hadi mpakani. Wewe uliye na babu au bibi huko, na simu yenye kinasa sauti mfukoni, kaa naye jioni moja umrekodi.